Duka Lisilosema Hakuna

Mwaka ule Babati ilikuwa na maduka ya kutosha, ila vitu vya kuuza ndivyo vilivyokuwa adimu, na kila duka lilikuwa na namna yake ya kukufukuza. Pengine karani alitikisa kichwa kabla hujafungua mdomo. Pengine uliambiwa "hakuna" huku mche wa sabuni unauona kwa macho yako mawili, umefunikwa gunia chini ya meza. Tulizoea. Mtu akitoka nyumbani kwenda kutafuta sukari alikuwa anaaga vizuri kabisa, maana hakujua atarudi saa ngapi wala atarudi na nini.

Kwa hiyo msituone wajinga tulivyolipenda duka la Shirika la Pembejeo Kwaraa. Pale ulikuwa unasalimiwa. Ulipewa benchi ukae, ukapewa maji kwenye kikombe cha bati kilichosuguliwa kwa majivu kikang'aa, ukaulizwa habari za watoto na habari za mvua. Makarani walivaa makoti ya kaki yaliyonyooshwa pasi, na sabuni walikuwa hawana kama sisi. Walifulia majani ya mpapai. Na neno "hakuna" hukulisikia pale hata siku moja. Jembe likiwepo uliuziwa. Lisipokuwepo uliambiwa, "Liko njiani, baba." Ukaondoka na mikono mitupu lakini moyo umetulia.

Huo ulikuwa utaratibu wa meneja, Bwana Egidius, mtu mmoja mrefu mwenye asili ya Dareda, aliyesali kila Jumapili kwenye benchi la mbele. Bwana Egidius hakuwa mwizi. Nalisema wazi kwa sababu miaka ile meneja asiyeiba ilibidi atafutwe kwa tochi. Hata kaka yake wa tumbo moja alipanga foleni kama sisi. Alikuwa amewahi kwenda semina ya uongozi, akarudi na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea: kwamba shirika lina malezi kama nyumba ilivyo na malezi, na kwamba shirika lisilo na malezi ni genge tu.

Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, wafanyakazi walisimama duara. Bwana Egidius aliuliza, "Sisi ni nani?" Wakaitikia, "Watu wa kutia moyo!" Kisha akawakumbusha. "Mwananchi amebeba vya kutosha. Njaa anayo, vita amevilipia, mvua hana. Akifika hapa msimwongezee." Aliyefanya vizuri jana yake alipigiwa makofi. Aliyeteleza hakugombezwa wala hakukatwa mshahara. Ila chai ya saa nne ilipoletwa, hakuna aliyemmiminia. Alikaa na kikombe chake kitupu katikati ya wenzake wakipiga soga, na wenzake walimtabasamia kwa upole.

Cornel, mtunza ghala, baba wa watoto sita, aliwahi kumwambia mfugaji mmoja kwamba dawa ya kuogeshea ng'ombe hakuna. Kikombe chake kilikaa kitupu wiki nzima. Tangu hapo hapakuwa na mtu pale dukani aliyetamka "iko njiani" kwa utamu kama Cornel.

Natalia alikuwa karani wa kaunta, binti wa Singe, mwaka wa pili kazini baada ya kumaliza kidato cha nne. Aliipenda kazi yake, na aliyapenda hata yale makofi. Alipopita sokoni na koti lake la kaki, kina mama walinong'onezana, "Yule ni wa Pembejeo," na yeye akanyoosha shingo kidogo. Nani angemlaumu? Wenzake aliosoma nao walikuwa wanashinda foleni.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja, wingu limeanza kukaa juu ya mlima Kwaraa na watu wamekwisha kusafisha mashamba, Bwana Egidius alisimama katikati ya duara akiwa na vumbi la Arusha kwenye viatu. Alikuwa ameingia na lori alfajiri.

"Nimeongea na wakubwa ana kwa ana," alisema. "Mbegu ya mahindi haiji msimu huu. Siyo kwamba itachelewa. Haiji."

Watu wote wakatazama chini.

"Sasa watu tutawaambiaje, Bwana Meneja?" Natalia aliuliza.

"Kama siku zote."

"Lakini mvua ndiyo hiyo inakuja. Watu watasubiri."

Bwana Egidius hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, kama baba. "Natalia, ukimwambia mtu haiji, utampa nini badala yake? Una kitu cha kumpa?"

Natalia hakuwa nacho. Mlango ukafunguliwa.

Watu walikuja, wakauliza, wakajibiwa, wakashukuru. Ilikuwa siku ya kawaida mpaka karibu saa tatu na nusu, Natalia alipoona kwamba kuna mama mmoja kwenye benchi ambaye amewaacha wengine wote wampite. Alikuwa Evangelina, Mama Konstantini, mjane wa Sigino, balozi wa nyumba kumi huko kwao. Natalia alimfahamu. Kila wiki alikuja kwa miguu, akauliza habari za mbegu, akanywa maji, akarudi. Alikuwa analea wajukuu watatu; mama yao alikufa kwa kipindupindu, na Konstantini mwenyewe alikwenda kutafuta kazi Moshi na hakuleta salamu.

Duka lilipobaki tupu, mama akasogea kaunta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuja kuuliza kama mbegu imefika. Macho ninayo, naona haijafika." Akashusha sauti. "Nimekuja kuuliza kama itakuja."

Nyuma ya Natalia, Cornel alikuwa anapangusa vumbi kwenye rafu zisizo na kitu. Mlango wa ofisi ya meneja ulikuwa wazi kama kawaida.

"Nina mahindi yangu ya mbegu," mama aliendelea. "Yananing'inia darini, juu ya mafiga, yanakula moshi. Wewe ni mtoto wa huku, unajua hayo hayaguswi. Lakini hawa watoto tangu Jumapili wanakula majani ya maboga peke yake. Unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, nao haujaletwa. Nikijua mbegu ya dukani inakuja, nitayashusha, niwasagie wale. Na kama haiji, basi, nitawafunga matumbo mpaka nipande. Nitaweza, siyo mara ya kwanza. Wewe niambie tu."

Hakuna swali lililo rahisi kuliko lile, na jibu lake Natalia alikuwa nalo tangu saa mbili kasoro. Alifungua mdomo. Alisikia kitambaa cha Cornel kimeacha kupangusa. Akafikiria kikombe, ndiyo, kikombe cha chai, na leo hii ukimwuliza atakuambia hivyohivyo, na atainamisha kichwa.

"Iko njiani, mama."

"Kweli, mwanangu?"

"Iko njiani. Nenda ukawapikie watoto."

Hayo maneno ya mwisho hakufundishwa na mtu. Aliyatunga mwenyewe, kwa sababu alitaka kuuona ule uso unalegea. Na kweli ulilegea. Mama alifumba macho, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mungu akubariki, umenitua mzigo," akajifunga kitenge chake cha kijani na kutoka. Alikuwa anatembea haraka kama msichana.

Cornel akaja kusimama pembeni. "Umekomaa sasa," alisema, na hakuwa anadhihaki. Saa nne, kikombe cha Natalia ndicho kilichojazwa kwanza. Chai ya rangi, haina sukari, ya moto. Aliinywa yote.

Jioni aliposimama njia panda aliitazama barabara ya Sigino. Angeweza kwenda. Jua bado lilikuwepo, na mtu mwenye miguu mizuri angefika kabla halijazama. Akajiambia kwamba wazee huwa wanasema tu, mama yule hawezi kushusha mbegu yake kwa neno la karani. Akajiambia kwamba wakubwa wa Arusha leo wanasema hivi, kesho wanasema vile, na lori linaweza kutokea ghafla. Alijiambia mengi. Kisha akaenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi Bwana Egidius alimwita katikati ya duara.

"Jana nilikuwa ofisini nikasikia kwa masikio yangu," alisema. "Kuna mama aliingia hapa amekunja uso, akatoka anacheka. Natalia hakumpa kitu cha kushika mkononi, maana hatuna. Alimpa moyo. Hayo ndiyo malezi yetu. Makofi!"

Wakampigia. Natalia akatabasamu. Alijisikia anatabasamu, akajichukia, na bado mdomo haukufunga. Kutwa nzima aliuza misumari, na kila mwanamke aliyeingia na kitenge cha kijani alimshtua moyo, akidhani ni yule.

Nyumbani Singe, mama yake, Xaveria, alikuwa amekaa nje anachambua maharage na kulitazama wingu. Xaveria alikuwa mwanamke wa maneno machache, na aliyokuwa nayo yalikuwa makali. Natalia alivua koti, akakaa naye, wakachambua pamoja.

"Hii mvua itanyesha kabla ya wiki kwisha," mama yake alisema. "Niambie, wewe uko dukani. Nisubiri mbegu ya kwenu, au nipande hii yangu ya darini?"

"Panda hii, mama. Usisubiri."

Lilimtoka kabla hajamaliza hata kuchukua pumzi. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Swali lilikuwa lilelile. Lilikuwa limeulizwa na mwanamke wa umri uleule, mwenye mahindi yaleyale juu ya mafiga, na hapa jibu halikumgharimu chochote.

"Kumbe haiji?" Xaveria aliuliza.

"Haiji."

"Mlijua lini?"

"Jana asubuhi."

"Na watu mmewaambia?"

Natalia akaanza kulia. Alimweleza mama yake yote: benchi, wajukuu, majani ya maboga, hata lile la nenda ukawapikie watoto. Alieleza na makofi. Xaveria alisikiliza, akaendelea kutupa maharage mabovu pembeni mpaka binti yake alipomaliza.

"Mimi umeniambia ukweli kwa sababu nimekuzaa," alisema. "Huyo wa Sigino naye amezaa."

"Mama, nitapoteza kazi."

"Sikukuambia uache kazi. Nakuambia uende Sigino." Akainuka, akaingia jikoni. Alirudi na masizi kichwani na mafungu mawili ya mahindi, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Yalikuwa karibu nusu ya mbegu yake yote. Aliyatia kwenye kikapu cha binti yake, akarudi kwenye maharage bila kusema kitu kingine.

Siku iliyofuata, misa ilipokwisha, Natalia aliondoka akiwa na koti lake la kaki. Njiani alipanga maneno yake. Angeanza na salamu, angeomba msamaha, halafu angesema kuhusu mbegu. Alipofika kwenye kilima kidogo kabla ya nyumba za kwanza akakutana na harufu ya ugali. Si harufu ya unga wa yanga, ambao sisi wote tuliujua kwa uchachu wake. Ulikuwa ugali mweupe, wa mahindi ya nyumbani. Akasimama. Akatamani kurudi.

Wajukuu ndio waliomwona. Wakamkimbilia, wakampokea kikapu, wakampeleka mpaka mlangoni. Mama Konstantini alitoka na mikono imejaa unga wa kusaga kwa jiwe.

"Jamani, mtoto wa Pembejeo! Umekuja mpaka huku? Mbegu imefika, eh? Hapana, usiniambie kwanza. Mgeni haulizwi habari akiwa na njaa. Kaa, kaa."

"Mama, nilikuja ku..."

"Kaa, mwanangu. Chakula ni chako hiki, ni baraka yako."

Kwa watu wa kwetu hukatai chakula cha mtu aliyekipata kwa shida. Kukataa ni kumwambia kwamba amekupa takataka. Natalia alinawa. Ugali uliletwa kwenye sahani ya bati, mweupe, unafuka, na mboga ya maboga pembeni, na watoto wakakaa kumtazama mgeni anavyokula. Alimega tonge. Akalifinyanga kwa vidole, akalifinyanga tena. Akalitia mdomoni, na likakaa pale, tamu kabisa, halishuki. Alikuwa anakula shamba la yule mama. Hakuna namna nyingine ya kulisema, na alijua.

Akalimeza kwa nguvu, akaweka mikono chini.

"Mama, mbegu haiji."

Mama Konstantini alikuwa anamwongezea mboga. Mwiko ukabaki hewani. "Imechelewa?"

"Haiji kabisa. Msimu huu haiji."

"Umeambiwa lini?"

"Ijumaa asubuhi."

"Mimi nilikuja Ijumaa."

"Ndiyo, mama."

"Nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mama akauweka mwiko. Akawaambia watoto watoke nje wakacheze, wakatoka. Juu ya mafiga, darini, zilikuwa zimebaki kamba nyeusi tu za kufungia.

"Kwa nini?" aliuliza, na kwa kweli alitaka kujua.

Natalia angewezaje kumwambia mtu mzima kwamba aliogopa kukaa na kikombe kitupu? Akasema, "Ndiyo utaratibu wetu, mama. Hatuwavunji watu moyo." Alipoyasikia maneno hayo yakitoka ndani ya jiko lile, alitaka kuyafukia.

"Sikukuuliza habari za moyo, mwanangu," alisema Mama Konstantini. "Nilikuuliza habari za mbegu."

Natalia akaanza kulia, akaomba msamaha, akavuta kikapu, akatoa mahindi ya mama yake. Alisema kwamba yametoka Singe, kwamba ni ya mbegu, kwamba yatatosha kipande cha shamba. Mama aliyapokea, akayapima mkononi, akabandua ganda moja akatazama punje. Zilikuwa nzuri.

"Yatatosha nyumba moja," alisema. "Mimi ni balozi, mwanangu. Ijumaa jioni niliita nyumba zangu zote hapa uani. Nikawaambia, nimekwenda mwenyewe, nimeuliza mwenyewe, mbegu inakuja, shusheni mahindi, watoto wapate kula. Unasikia harufu hii? Siyo jiko langu peke yake."

Natalia alijua tangu zamani kwamba yule mama ni balozi. Hata siku moja hakufikiri neno lake litafika wapi likishatoka kaunta.

Mama akajifunga kitenge. "Beba kikapu. Twende ukawaambie kwa mdomo wako, na haya tutawagawia, hata kama ni mahindi mawili mawili. Mvua ikija, angalau kila mtu awe na cha kufukia."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Teodori, mzee wa makamo mwenye ndevu za mvi, mke na watoto wengi. Alipomwona Natalia alisimama, akampangusia kigoda kwa mkono.

"Karibu, binti wa Pembejeo! Leo Mungu ametutembelea. Imefika?"

Natalia hakukaa. Aliogopa akikaa hatasema. "Baba, mbegu haiji. Mimi ndiye niliyemdanganya Mama Balozi. Alikuja akaniuliza vizuri, nikamjibu uongo, na nilikuwa najua. Nimekuja kuomba msamaha." Akatoa mahindi mawili kwenye kikapu, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Tumeleta haya kidogo."

Mkewe Teodori, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijishika kichwa, akaingia ndani, na wote wakamsikia analia. Teodori aliyatazama mahindi. Kisha akamtazama Mama Konstantini, na uso wake ukabadilika.

"Mama Balozi, umetufanyia nini?"

"Siyo yeye, baba, ni mimi," Natalia alisema.

"Usimfunike, binti yangu."

"Simfuniki! Nakuambia ni mimi!"

"Ninyi tunawajua," Teodori alisema kwa upole. "Mimi nimekaa kwenye benchi lenu, nikanyweshwa maji, nikaulizwa hali ya mke wangu. Ofisi gani nyingine ilishawahi kuniuliza? Watu wale hawadanganyi. Kosa la mama huyu mnalibeba ninyi, ndivyo mlivyolelewa. Mbegu haiji, lakini mmetutafutia hizi, umekuja nazo kwa miguu." Akamgeukia tena mama, na upole ukamwisha. "Ni huyu. Wajukuu walimlilia njaa, akaona aibu kushusha mbegu peke yake, akaongeza chumvi ili tushushe wote. Umetumaliza, Evangelina."

Alimwita kwa jina, jina tupu, mbele ya mgeni. Natalia alipandisha sauti. Alirudia yote tangu mwanzo, Ijumaa, duara, meneja, darini, akasema mpaka sauti ikakatika. Kadiri alivyozidi kusema, ndivyo Teodori alivyozidi kutikisa kichwa kwa kumsikitikia.

"Pumzika, binti. Jua kali. Kaa."

Mama Konstantini alikuwa amesimama mikono imelegea. Aliitazama mbingu upande wa Kwaraa, ambako wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye miti, akashusha pumzi. Kisha, mwanamke wa umri ule, akapiga goti kidogo mbele ya jirani yake.

"Nisamehe, Teodori. Mimi ndiye niliyewaambia mshushe. Hifadhi hayo mahindi, yasiliwe."

Karibu na nyumba ya pili mama alisimama kwenye njia.

"Wewe huko usiseme kitu," alisema.

"Mama, lazima niseme. Siyo haki."

"Najua siyo haki. Umesema, umesikia ulivyojibiwa. Kila nyumba tukibishana hivi tutamaliza lini, na mvua ndiyo hiyo? Mimi nataka wajue haiji, watafute mbegu kwa ndugu zao leo hii. Nani kadanganya watagombana baadaye."

"Watakuondoa kwenye ubalozi."

"Wataniondoa," alisema, akaendelea kutembea.

Akapiga hodi. Mwenye nyumba alitoka akifuta mdomo, akacheka alipoona koti la kaki nyuma ya mama. Mama Konstantini hakumsubiri aulize. "Mbegu haiji," alisema. "Niliwadanganya. Naomba mnisamehe." Yule bwana aliacha kucheka, akaanza kumtukana, maneno mazito ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mama akayapokea yote ameinamisha kichwa.

Natalia alikuwa hatua chache nyuma yake, kikapu mkononi. Alifungua mdomo. Na hapo hapo, katikati ya yale matusi, alisikia ndani yake kitu kinalegea, kinashukuru kwamba hayakuwa yake. Mke wa yule bwana alimletea kigoda na maji ya kunywa. Natalia akasema ahsante, akakaa.